Anti Nijibu: Mwaka wa Tatu Ndo Huu, Krediti Zangu Zimetimia Kweli?

Wapendwa wasomaji, mwezi huu barua za wanavyuo zimezidi za mapenzi na za wakwe, sijui ni upepo gani, ila nimefurahi maana hii mada iko moyoni mwangu. Kwa mliojiunga juzi, mi kabla ya kuandika safu hii nilikuwa karani ofisi ya mitihani kwenye chuo kimoja, nimekaa nyuma ya lile dirisha miaka na miaka, nimeona wazazi wameshakodi Coaster kutoka Songea, vitenge vya sare vimeshashonwa, keki imeshalipiwa, afu kijana anakuja dirishani wiki ya mahafali anauliza mbona jina langu halipo. Na ukifungua faili unakuta kilichokosekana ni kozi moja tu ya mwaka wa kwanza ambayo hakuna aliyeikumbuka. Hiyo kitu iliniuma kila mwaka na bado inaniuma. Kwa hiyo leo nimechagua barua nne, nyingine ntajibu kwa kirefu kuliko nyingine, mnisamehe.

"Rafiki zangu wananiambia nisijipe presha"

*Shikamoo Anti. Mi ni msichana nipo mwaka wa tatu chuo kimoja huku Dodoma, digrii ya miaka mitatu. Mwaka wa pili semista ya kwanza kuna kozi ya kuchagua nilikuwa nimejisajili, ikagongana ratiba na kozi ya lazima. Mwalimu wa kozi nyingine akaniambia njoo tu andika jina hapa utakuwa sawa, nikasoma kwake, test nikafanya na UE, yani mtihani wa mwisho wa semista, nikafanya. Sasa juzi nacheki kwenye mfumo naona ile niliyoiacha bado ipo na haina matokeo, na ile niliyosoma haipo kabisa. Rafiki zangu wananiambia nisijipe presha, miaka mitatu ikiisha unagraduate tu, chuo ndo kitajua. Mi roho haitulii. Nitajuaje nadaiwa nini? – Asiyelala, Dodoma*

Marahaba mwanangu. Hao rafiki zako wanakupenda, ila kwa hili wasikilize kwa sikio moja. Roho yako isiyotulia ndo inakwambia ukweli.

Digrii haitolewi kwa kuhesabu miaka. TCU, yani Tume ya Vyuo Vikuu, inahesabu krediti, na digrii ya kwanza ya miaka mitatu inataka krediti zisizopungua 360, ya miaka minne 480. Maana yake kila mwaka ubebe kama 120, kila semista kama 60. Na krediti moja ni masaa 10 ya kazi yako wewe, si masaa ya kukaa darasani tu, humo kuna lekcha, semina, kujisomea, kuandika kazi za nyumbani na mtihani wenyewe, kwa hiyo kozi ya krediti 12 chuo kinakuhesabia umeipa masaa 120 ya maisha yako. Ndo maana hawawezi kukupa cheti kikiwa na pengo, hata la kozi moja, hata kama kila mwalimu anakujua kwa jina na anakupenda.

Afu kuna jambo wengi hawalijui na hili nataka ulisome pole pole. Unaweza kuwa na krediti 366, yani umezidisha kabisa, na bado usigraduate. Kwa nini? Kwa sababu krediti hazikai kwenye kapu moja. Kuna kozi za lazima za programu yako, hizo hazina mjadala, hata ukisoma nyingine 20 hazifidii. Kuna kozi za lazima za chuo kizima, zile ambazo watu wa kila fani wanakaa pamoja kwenye ukumbi mkubwa mwaka wa kwanza, DS (masomo ya maendeleo), stadi za mawasiliano, na hizi ndo zinazosahaulika kuliko zote maana mtu anaziona si za fani yake. Kuna za kuchagua, na hizo nazo zina masharti yake, pengine wanasema lazima zitoke idara yako, au lazima moja iwe ya mwaka wa tatu. Kuna fildi, yani mafunzo kwa vitendo. Kuna riseachi au projekti ya mwisho. Kila kapu lijae lenyewe.

Sasa fanya hivi. Tafuta prospektasi, kile kitabu cha chuo chenye orodha ya kozi za kila programu, ya mwaka ULIOINGIA. Narudia, ya mwaka ulioingia, si hii ya sasa hivi iliyoko kwenye tovuti, kwa sababu mitaala inabadilishwa na wewe kawaida unabaki kwenye ule mtaala uliosajiliwa nao, labda chuo kiwe kimewahamisha rasmi na mmeandikiwa. Kama huna, nenda maktaba au idarani, hawakosi. Afu chukua daftari la kawaida, usihangaike na eksel kama huijui, chora mistari, andika kozi ZOTE za programu yako kutoka mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, zote, hata ambazo hujasoma bado. Mbele ya kila kozi weka namba ya kozi kama ilivyoandikwa, ya lazima au ya kuchagua, krediti ngapi, semista uliyosoma, gredi uliyopata, na safu ya mwisho kabisa iite USHAHIDI. Hapo unaandika una nini mkononi: skrinshoti ya usajili, matokeo yaliyobandikwa, karatasi ya test iliyosahihishwa. Ukimaliza, fungua mfumo wa chuo chako, kama ni ARIS pale UDSM, kama ni SUASIS kule SUA, kila chuo kina wa kwake, afu linganisha mstari kwa mstari, namba ya kozi kwa namba ya kozi, si jina. Majina yanafanana sana. Nimeshaona watu wawili wa darasa moja wanaamini wamesoma kozi moja, kumbe mmoja amesoma ya krediti 8 na mwingine ya krediti 12, tofauti ni tarakimu moja tu kwenye namba.

Jumlisha kila kapu peke yake. Penye nafasi tupu weka alama ya kalamu nyekundu. Hilo daftari ndo jibu la swali lako la "nadaiwa nini", na ni la kwako maisha yako yote ya chuo, unalifungua kila matokeo yakitoka. Mbona pesa ya simu kila ukituma unasoma meseji uone salio limebaki ngapi, hata kama uliyemtumia ni mama yako.

Tuje kwenye kesi yako yenyewe, maana ni nzito zaidi ya unavyodhani, una matatizo mawili na si moja. La kwanza, ile kozi uliyosoma bila kusajiliwa haina pa kukaa, alama zako mwalimu anaweza kuwa nazo kwenye makaratasi yake ila mfumo hauna chumba cha kuziweka. La pili, ile uliyoiacha bila kuifuta, mfumo unaiona wewe ulijisajili afu hukutokea mtihanini. Wengi wanadhani ikiwa tupu ni tupu tu. Hapana, vyuo vingi mtu aliyesajiliwa na hakufanya mtihani bila ruhusa anahesabiwa ameukimbia, na hilo linaweza kurudi kama kufeli. Kwa hiyo usiishughulikie moja ukaiacha nyingine.

Andika barua leo. Isiwe ndefu, isiwe ya kulia, iwe hivi:

*"Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, namba ya usajili ni hii. Naomba marekebisho ya kumbukumbu zangu za semista ya kwanza mwaka wa pili. Nilisajiliwa kozi A ya kuchagua, sikuisoma kwa kuwa ratiba yake iligongana na kozi B ya lazima. Badala yake nilisoma kozi C, nikafanya test zote na mtihani wa mwisho. Naambatanisha ratiba ya semista hiyo, karatasi zangu za test na maelezo ya mwalimu wa kozi C. Naomba kozi A iondolewe na kozi C iingizwe pamoja na matokeo yake, au nielekezwe kozi ya kufidia ndani ya semista hii."*

Hayo maneno ya mwisho usiyatoe, "au nielekezwe kozi ya kufidia". Yanampa mkuu wa idara mlango wa kukusaidia hata kama kanuni haimruhusu kuitambua kozi C. Kabla ya kuipeleka nenda kwa yule mwalimu kwa adabu, mkumbushe, muombe aandike mistari miwili kwamba ulikuwa darasani kwake na ulifanya mtihani. Peleka barua kwa mkuu wa idara, nakala kwa mratibu wa programu na ofisi ya mitihani, na uende na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Mwanangu, muhuri. Maneno ya korido, "sawa nimekusikia ntalifanyia kazi", hayana muhuri, na huyo aliyekwambia anaweza kwenda masomoni mwezi ujao akaja mwingine asiyekujua.

Na wakati unasubiri jibu usikae. Uliza dirisha la kuongeza kozi linafungwa lini, maana huwa ni wiki chache za mwanzo wa semista, na uangalie kozi ya kuchagua yenye krediti sawa ambayo haigongani na kitu. Ukiweza ifanye semista hii ya kwanza usiisukume ya mwisho, kwa sababu ya mwisho una riseachi, una uchovu, na ukipata sup (mtihani wa marudio) pale unasubiri mpaka msimu wa sup, matokeo yake yapite vikao mpaka seneti, na mahafali hayakusubiri. Semista ya ziada pia ni pesa ya mfukoni, mkopo wa HESLB, yani Bodi ya Mikopo, unapangwa kwa miaka ya programu yako, bumu (hela ya kujikimu) haliongezeki kwa sababu umebakiza kozi moja.

Ukijibiwa niandikie. Nitataka kujua.

"3.3 inaweza kufika 3.5 au ndo basi tena?"

*Mambo Anti, mi ni mkaka nipo Morogoro ndo nimemaliza mwaka wa pili, GPA yangu 3.3. Semista ya kwanza kabisa nilikuwa bado sijazoea nikapata sup ya hesabu nikaichomoa kwa C. Nataka kuomba masters huko mbele na wengi wanataka 3.5. Wana wananiambia mwaka wa tatu GPA haipandi tena imeshaganda. Kweli? Na naweza kurudia ile kozi ya C nipate gredi nzuri? – Mpiganaji wa Moro*

Poa mwanangu, karibu. Imeganda? Hapana, tupige hesabu hapa hapa, chukua kalamu.

GPA yako ni wastani wa gredi zako zote, yani pointi za kila kozi ukizidisha na krediti zake, jumla yake ukagawa kwa krediti zote. A ina 5, B+ ina 4, B ina 3, C ina 2. Tuseme umemaliza krediti 240 na GPA yako ni 3.3 kamili, una pointi 792 kibindoni. Ili umalize na 3.5 kwenye krediti 360 unahitaji pointi 1,260. Toa, zinabaki 468, na una krediti 120 za kuzitafutia. Gawa: 3.9. Yani mwaka wa tatu wote wastani wako uwe 3.9. Kwa lugha ya kozi, krediti 108 zote upate B+ na zile 12 zilizobaki upate B, unafika pale pale kwenye 3.5. Ni ngumu, sitakudanganya, ila si muujiza, nimewaona walioipata.

Sasa kuna kitu kizuri hapo. Hiyo 3.3 unayoiona huenda siyo 3.30. Vyuo kadhaa havikadirii kwenda juu, vinakata tu, mtu mwenye 3.39 anaandikiwa 3.3. Piga mwenyewe ujue halisi, kwa sababu kama yako ni 3.39 unachohitaji mwaka wa tatu kinashuka mpaka 3.72, ni tofauti kubwa mno. Ila huo huo mkato ndo unaua watu mwisho, ukimaliza na 3.49 cheti kinasoma 3.4 na hiyo ni lower second, daraja la pili la chini, maana upper second inaanzia 3.5 mpaka 4.3, first class 4.4 kwenda juu, na lower second ni 2.7 mpaka 3.4. Kwa hiyo usilenge 3.5 tu, lenga upite, uwe na akiba.

Ile C isahau. Kozi uliyoifaulu vyuo vyetu vingi hawakuruhusu kuirudia ili upandishe, na sup hata ukipata 90 unaandikiwa C, ndo kanuni. Wacha ikae huko. Lakini jifunze bei yake: C moja kwenye kozi ya krediti 12, ili uifidie urudi kwenye wastani wa B+, unahitaji A za krediti 24. C moja inakula A mbili. Kwa hiyo mwaka wa tatu kazi yako ya kwanza siyo kukimbiza A, kazi ya kwanza ni kuhakikisha hakuna C inayoingia, A zitakuja.

Na B+ inaanzia 60 kwenye vyuo vingi (wa afya mnajijua, kwenu hata pasi inaanzia juu), kwa hiyo angalia koswek yako, yani alama za test na kazi za kabla ya UE. Mahali ambapo koswek ni 40 na UE ni 60, mtu aliyeingia chumba cha UE na 28 anahitaji 32 tu kwenye 60 kupata B+. Aliyeingia na 20 anahitaji 40. Wote wawili wamekesha usiku ule ule, wamesoma desa lile lile, ila mmoja anapanda mlima. Test ya wiki ya sita ambayo mnaichukulia poa ndo GPA yako inapotengenezwa. Na riseachi, angalia ina krediti ngapi, kwenye programu nyingi ni kubwa kuliko kozi yoyote ya semista, msimamizi wako mtafute mapema, peleka sura ya kwanza kabla hajaiomba.

Nina imani na wewe. Ulishaichomoa hesabu ukiwa mgeni.

"Ananiambia alama zimepotea, nimwamini?"

*Asalaam aleikum Bi. Mimi ni mzazi, niko Kilifi huku Kenya, gazeti lenu napata kupitia ndugu yangu wa Tanga. Kijana wangu yuko mwaka wa nne chuo kikuu cha serikali. Tulikuwa tunajitayarisha kwa graduation sasa ameniambia hayuko kwa list, ati ana alama zilizopotea za yuniti mbili za mwaka wa pili. Mimi nikamwambia ananidanganya, miaka miwili yote ulikuwa wapi? Tumekosana, sasa hatuongei wiki. Nauliza, jambo hili lipo kweli ama kuna kitu anaficha? Na mimi mzazi nifanye nini? – Mzazi, Kilifi*

Wa aleikum salaam ndugu yangu, pole sana. Kwanza nikutoe wasiwasi: jambo hilo lipo, tena huko kwenu limelalamikiwa miaka mingi, wanafunzi wenyewe wana jina lake kabisa, wanaita "missing marks", na limeshawachelewesha vijana waliosoma vizuri mno. Kwa hiyo kabla ya yote mpigie simu, hata leo jioni, ongeeni. Kijana anayehangaika na ofisi huku nyumbani ameitwa mwongo anachoka upesi.

Kuthibitisha ni rahisi na wala si kumpeleleza. Mwambie mkae pamoja afungue matokeo yake ya mwaka wa pili. Yuniti aliyofeli inaonyesha alama, iko chini ya 40, na gredi yake ya kufeli. Yuniti ambayo alama zimepotea haina namba, kuna mstari tu au nafasi tupu au neno la kusema haijakamilika. Ukiona hiyo ya pili, kijana hajakudanganya. Ukiona hiyo ya kwanza basi ni mtihani wa kurudia, na hilo nalo lina njia yake, msikatane.

Kama ni alama kupotea, muulize kitu kimoja: kilichopotea ni CAT, zile test na kazi za ndani ya semista, au ni mtihani wa mwisho? Huko kwenu kawaida CAT ni 30 na mtihani 70, na mara nyingi ni kimoja tu ndo hakikuingizwa, na jumla haiwezi kutoka bila vyote viwili. Hii inabadilisha kila kitu kwa sababu ushahidi ni tofauti. CAT ni karatasi zake zilizosahihishwa, na kama hana, wenzake wa grupu kama ilikuwa ya grupu. Mtihani ni kadi ya mtihani ya semista ile, na ile orodha ya mahudhurio aliyosaini ndani ya ukumbi siku ya mtihani, idara huwa inaitunza. Akipata ile orodha ikiwa na saini yake, hapo mzigo umehama mabegani mwake, sasa ni idara itafute kile kijitabu.

Njia ni mwalimu wa yuniti kwanza, na kama alikuwa mwalimu wa muda na ameshaondoka (hii ndo sababu moja kubwa alama zinabaki kwenye mabegi ya watu) aende moja kwa moja kwa mwenyekiti wa idara, ajaze fomu yao ya alama zilizopotea, abaki na nakala yenye muhuri. Kisha mkuu wa kitivo, kisha msajili wa masomo. Kila hatua kwa maandishi, kila imeili aitunze, na aseme ndani ya barua anahitaji jibu kabla ya orodha ya mwisho kufungwa. Wakati huo huo wewe angalia karo, hakikisha hakuna salio, maana mtu anaweza kupata alama zake zote afu akazuiwa kwenye kliarensi kwa deni dogo la maktaba au la bweni.

Na wewe mzazi, usiende kugombana idarani siku ya kwanza. Mwache kijana aongoze, ni mtu mzima, wewe msaidie nauli ya kwenda na kurudi maana hizi safari ni nyingi na zinamaliza. Ila kama ofisi zote zimepitiwa, barua zipo, mihuri ipo, na hakuna anayejibu, hapo mna haki ya kulalamika kwenye ofisi ya Ombudsman, ile tume ya malalamiko ya utawala, kupeleka lalamiko ni bure na chuo cha serikali kinawajibika kuijibu. Faili la kijana wako likiwa limepangika, watalielewa mara moja.

"Nimerudi na mtaala umebadilika"

*Anti shikamoo, niliahirisha mwaka kwa ajili ya kujifungua nikiwa mwaka wa pili. Nimerudi naambiwa mtaala ni mpya, kozi zangu mbili za mwaka wa kwanza zimebadilishwa namba na kuna moja mpya ya mwaka wa kwanza ambayo mi sikuikuta. Natakiwa kuanza upya? – Mama Kijacho sasa Mama, Mbeya*

Marahaba, na hongera sana mama. Kuanza upya hapana. Kozi ulizofaulu ni za kwako, kubadilishwa namba hakufuti gredi, ila mfumo hauna akili ya kujua kwamba namba ya zamani na namba mpya ni kozi ile ile, mtu lazima auambie. Kwa hiyo omba idara ikuandikie ulinganisho wa kozi zako, kozi ya zamani hii ni sawa na mpya hii, na nakala iingie kwenye faili lako la ofisi ya mitihani. Usiikubali kwa mdomo, maana yatakayouliza maswali ni yale macho yatakayokagua faili lako mwaka wa mwisho, na huenda hao wa leo hawapo.

Ile mpya ambayo hukuikuta, uliza swali moja tu: mimi nimesajiliwa mtaala upi sasa? Kama bado ni wa zamani, haikuhusu, wakuandikie hivyo. Kama wamekuhamishia mpya, basi unadaiwa hiyo kozi, na ni bora uisome sasa hivi na hao wadogo zako wa mwaka wa kwanza kuliko kuikuta mwaka wa mwisho. Angalia tu isigongane na za kwako.

Vitu vingine viwili. Hesabu ukomo wako wa kukaa chuo, kila programu ina idadi ya juu ya miaka ya kusajiliwa, na uliza kama mwaka ulioahirisha kwa ruhusa unahesabiwa ndani au la. Na kama una mkopo nenda kwa afisa mikopo wa chuo na barua yako ya kuahirisha na ya kurudi, athibitishe umerudi, maana jina lisipothibitishwa bumu halitoki na utakaa unasubiri kitu ambacho hakijatumwa.

Beba barua ya ruhusa yenyewe na kopi zake, uende asubuhi mapema kabla mkuu wa idara hajaingia kipindi. Mtoto mwachie bibi yake kama yupo karibu, hizo foleni si za mtoto mchanga.